Mlolongo hadi Westlands kwa Dakika Kumi na Sita

Hotuba kwa viongozi wa SACCO, mameneja wa magari ya kampuni na madereva, Nairobi

Waheshimiwa wenyeviti, mameneja, madereva wetu, mabibi na mabwana, hamjambo nyote.

Tuanze na hesabu ya shule ya msingi. Nairobi Expressway, kutoka Mlolongo hadi James Gichuru kule Westlands, ina urefu wa kilomita 27. Kasi ya juu inayoruhusiwa ni kilomita 80 kwa saa. Ukigawanya unapata dakika 20 na sekunde 15. Basi yeyote anayeingia Mlolongo na kutokea Westlands kabla dakika 20 hazijaisha amevunja sheria, hata kama hakuna askari aliyemwona. Anayekwenda 100 mfululizo hutumia dakika 16 na sekunde chache. Ushuru wa barabara ile hutozwa kwa umbali, kwa hivyo mtambo hauna budi kujua ulipoingia na ulipotokea, na kati ya milango hiyo miwili saa inatembea. Tutarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha tuliyokuja kusema.

Tumeombwa tueleze sheria ya mwendo katika barabara kuu inasimamiwa kwa ukali kiasi gani. Jibu letu ni kwamba kwenye karatasi ni kali sana, na barabarani ni kali mahali mahali. Dereva mzoefu anapajua mahali hapo kama anavyoijua nyumba yake.

Karatasi kwanza. Mijini na kwenye vituo vya biashara, mwisho ni 50. Nje ya hapo gari dogo la kibinafsi linaruhusiwa 100 kwenye barabara ya kawaida, na 110 kwenye ile iliyotenganishwa katikati, isipokuwa alama iseme vingine. Magari ya abiria na ya biashara ni 80. Hapa ndipo madereva wengi wa matatu hujikwaa. Akiona kibao cha 100 anadhani kimemruhusu na yeye. Kibao hicho hakimwongezei kitu, 80 yake anatembea nayo popote. Alama itamhusu ikiwa imeshuka chini ya hapo.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zilipanga faini kwa ngazi. Ukizidisha kwa kilomita 1 hadi 5, unaonywa. Kwa 6 hadi 10 ni shilingi 500, kwa 11 hadi 15 ni 3,000, na kwa 16 hadi 20 ni 10,000. Ukizidi 20 ngazi imekuishia. Unafika mbele ya hakimu, na kifungu cha 43 cha Sheria ya Trafiki kinamruhusu akutoze hadi 100,000. Tazameni jinsi faini inavyoruka: aliyezidisha 10 analipa 500, aliyezidisha 16 analipa mara 20 ya hiyo.

Je, ukali huo una msingi? Chukueni gari lenye breki nzuri na barabara kavu. Dereva huhitaji kama sekunde moja na nusu kuona hatari na kukanyaga. Akiwa kwenye 80, ametembea mita 33 kabla breki hazijashika, kisha mita nyingine 35 hadi asimame. Jumla ni kama mita 68. Sasa weka mtu anayevuka Thika Road chini ya daraja la miguu, pale pale gari la 80 lingesimama. Gari lililokuwa kwenye 100 linamfikia likiwa bado na zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Lililokuwa kwenye 110 linamfikia na karibu 90. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali zinazoua hupanda kwa takriban asilimia 4. Nchi yetu imekuwa ikizika zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka kwa ajali za barabarani.

Tukijilinganisha na wengine, karatasi yetu haina aibu. Uingereza mwisho wa barabara zao kuu ni maili 70 kwa saa, yaani kama kilomita 113, na mwongozo wa polisi wao ni kwamba hatua kwa kawaida huanzia maili 79: asilimia 10 ya kikomo, jumlisha 2. Faini ya chini ni pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni, na dereva wa kule huogopa pointi kuliko pesa, kwa sababu akifikisha 12 ndani ya miaka 3 ananyang'anywa leseni. Ujerumani, ambako sehemu kubwa ya Autobahn haina kikomo kabisa, penye kikomo wanapunguza kilomita 3 kwenye kipimo ikiwa mwendo ni chini ya 100, au asilimia 3 ukizidi hapo. Ufaransa wanapunguza 5, au asilimia 5. Upunguzaji huo hawamfanyii dereva hisani. Wanakubali tu kwamba mashine yoyote ina kosa lake dogo. Onyo letu la kilomita 5 za kwanza linafanya kazi hiyo hiyo bila kutajwa.

Kinachotutofautisha nao ni uwezekano wa kupimwa. Tuseme dereva anazidisha mwendo mara 200 kwa mwezi na anapimwa mara moja. Faini ya 10,000 ukiigawa kwa 200 ni shilingi 50 kwa kosa, bei ya chai na mandazi. Wazee walisema za mwizi ni arobaini, lakini msemo huo unadhani kuna mtu anayehesabu. Hata ukipandisha faini ifike 20,000, dereva yule amelipa shilingi 100 kwa kosa. Na faini ikiwa kubwa huku askari na dereva wakikutana ana kwa ana kando ya barabara, inazidi kushawishi wawili hao waelewane kwa bei nyingine. Hilo hatuna haja ya kulifafanua katika ukumbi huu.

Sasa mashine zenyewe, kwa maana wengi wenu mnapigwa nazo na hamjui zinavyofanya kazi.

Kifungu hicho cha 43 kina ulinzi ambao madereva wachache wanaujua: huwezi kutiwa hatiani kwa ushahidi wa shahidi mmoja tu anayesema kwamba kwa maoni yake ulikuwa unakwenda kasi. Ndiyo sababu askari lazima awe na kifaa, au akufuate kwa gari asome mita yake ya mwendo.

Vifaa vya mkononi ni vya aina mbili. Rada hutuma mawimbi, yakagonga gari na kurudi yakiwa yamebadilika kidogo kulingana na mwendo. Mwali wake ni mpana. Ukifunguka nyuzi 12, kwa umbali wa mita 300 una upana wa mita 60 na ushei. Thika Road nzima inaingia humo, pande zote mbili na njia za pembeni. Kwa hiyo rada haikuambii imepima gari lipi, ni askari anayepaswa kuamua, na mara nyingi lori kubwa nyuma yako hurudisha wimbi lenye nguvu kuliko probox yako. Kabla ya kazi rada hupimwa kwa chuma cha meno mawili kinachogongwa na kutoa mlio unaolingana na mwendo uliochorwa juu yake. Ikisoma tofauti, inarudi stoo.

Bunduki ya leza ni kitu kingine. Mwali wake kwa mita 300 una upana wa kama mita moja, kwa hiyo huchagua gari. Hutuma mapigo mengi ya mwanga ndani ya karibu theluthi ya sekunde na kupima umbali unavyopungua. Kosa lake la kawaida ni mkono. Askari akianza kulenga kioo cha mbele kisha mkono ukateleza hadi kwenye nambari ya gari, umbali umepungua kwa mita moja ambayo gari halikutembea. Mita moja kwa theluthi ya sekunde ni kilomita 11 hivi kwa saa, za bure. Mashine nzuri hugundua mapigo yasiyolingana na kukataa kutoa jibu, lakini lengo sahihi ni nambari ya gari tangu mwanzo hadi mwisho, au kifaa kikae kwenye miguu mitatu.

Kuna kosa moja la pembe ambalo watu hulielewa kinyume. Kifaa kinachopima kutoka pembeni husoma chini ya mwendo wa kweli, wala si juu. Pembe ya nyuzi 10 inapunguza asilimia moja na nusu, nyuzi 20 asilimia 6, nyuzi 30 asilimia 13. Wakili akisimama kudai askari alikuwa amesimama mbali na barabara, hapo ametetea upande wa pili.

Na ile hoja ya dereva kwamba "mita yangu ya mwendo ilisema 80"? Kanuni za kimataifa za utengenezaji zinakataza mita isome chini ya mwendo wa kweli, lakini zinairuhusu izidishe hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu. Mita ya kiwandani ikisema 80, mara nyingi uko kwenye 75 au 77. Hoja hiyo ina uzito kwa gari moja tu, lililobadilishwa tairi.

Turudi kwenye kupima mahali pamoja. Kifaa kikikaa mahali pamoja kinamfundisha dereva mahali pa kukanyaga breki. Anawakiwa taa na wanaokuja upande wa pili, au kundi la WhatsApp limeshasema trafiki wako wapi, anashuka hadi 78, anapita kwa adabu zote, na baada ya mita mia chache amerudi 110. Isitoshe, breki ya ghafla katika njia ya kulia huzaa ajali zake. Matuta tuliyozoea kuyaweka kwenye barabara kuu yana ugonjwa huo huo, pamoja na wa kuvunja springi.

Kupima wastani ni tofauti. Kamera moja inasoma nambari ya gari na saa, nyingine kilomita kadhaa mbele inasoma tena, na mashine inagawanya. Italia wametandika mfumo wa namna hiyo kwenye barabara zao kuu tangu katikati ya miaka ya 2000, na Uingereza huutumia sana penye ujenzi. Kwa kilomita 10 na kikomo cha 80, muda halali ni dakika 7 na nusu. Ukipita kwa dakika 6, wastani wako ni 100, na huwezi kusema ulikuwa unampita mtu kwa sekunde tatu. Unachohitaji ni saa mbili zinazolingana, umbali uliopimwa na mpima ardhi kwa njia fupi kabisa ambayo gari linaweza kupita, na nambari zinazosomeka. Foleni yoyote njiani inampunguzia dereva wastani, haimwongezei, kwa hiyo kosa la mfumo huu humnufaisha dereva kila mara.

Ndiyo maana tulianza na Expressway. Ina milango ya kuingilia na kutokea, haina pikipiki wala tuktuk wala watembea kwa miguu, na umbali kati ya milango unajulikana. Kama kuna barabara ya Nairobi inayofaa kuanzia, ni hiyo. Waliokumbuka gari lililopaa na kugonga kituo cha ushuru cha Mlolongo mwezi Mei 2022, siku chache baada ya barabara kufunguliwa kwa majaribio, wanajua kwamba hatari ya mwendo pale haiko katikati tu. Dereva aliyezoea 120 kwa dakika kumi huiona 60 kuwa ni kusimama, na anafika kwenye vibanda bila kujua.

Hadi siku hiyo ifike, ukali wa kweli kwenye magari ya abiria umo ndani ya gari lenyewe. Tunazungumzia gavana, yaani kidhibiti mwendo.

Sheria za Michuki, zilizobeba jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo na kuanza kutekelezwa Februari 2004, ndizo zilizoweka mikanda, ule mstari wa manjano na kidhibiti mwendo cha 80. Kihisio kwenye gia hutuma mapigo ya umeme, kisanduku kinayahesabu, na mwendo ukikaribia 80 kinapunguza mafuta, au, kwa gari lenye pedali ya umeme, kinapunguza ishara ya pedali. Hayo tu. Gavana hukata mafuta, haikanyagi breki. Ukiteremka kutoka Rironi kwenda Mai Mahiu na gia ya juu, gavana nzima yenye muhuri itakutazama ukifika 95. Mteremko ni kazi ya gia ya chini, na dereva anayejitetea kwa gavana pale hajui gari lake.

Njia za kuihadaa ni tatu kubwa. Ya kwanza ni swichi iliyofichwa, mara nyingi chini ya dashibodi au nyuma ya redio, inayokata waya wa kihisio. Kisanduku kinaona sifuri na kulala. Ya pili ni kubadilisha idadi ya mapigo kwa kilomita, kazi ya fundi mwenye kompyuta. Ya tatu hata si hila, ni tairi. Ukifunga tairi lenye kipenyo kikubwa kwa asilimia 6 kuliko lililotumika siku ya kurekebisha, 80 ya gavana inakuwa karibu 85 ya kweli. Tairi lililokwisha hupotosha upande wa pili, kama asilimia 2.

Meneja, ukaguzi wako haufai kuishia kwenye cheti. Angalia muhuri kila wiki, kisha toa gari kwenye sehemu tambarare, simu yenye GPS ikiwa mkononi mwa mtu mwingine asiyeendesha, panda hadi gia ya mwisho na uone mwendo unakomea wapi. Ukikomea kati ya 78 na 82, sawa. Halafu linganisha rekodi mbili: ya gavana na ya traka, kile kifaa kinachofuatilia gari kwa GPS. Kama gavana inasema gari lilisimama dakika 40 injini ikinguruma, na traka inasema lilikuwa kati ya Emali na Mtito Andei likitembea, swichi umeipata kabla ya kufungua skrubu hata moja.

Traka nazo zina makosa yake. Ikiwa inatuma taarifa kila sekunde 60, gari la 100 limekwenda zaidi ya kilomita moja na nusu kati ya taarifa mbili. Iwekwe kila sekunde 10. Usimhukumu dereva kwa kipimo kimoja, kwa sababu katikati ya majengo marefu GPS huruka na kuandika 140 kwa sekunde moja. Tafuta vipimo vitatu mfululizo. Na hapa Nairobi kuna mtego wetu wenyewe: Expressway imepita juu ya Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way, na traka haijui uko juu au chini. Mfumo ukiweka 50 ya barabara ya chini, dereva aliye juu kihalali kwenye 80 ataonekana mhalifu kila asubuhi. Linganisheni na risiti za ushuru kabla ya kumwita ofisini.

Kisha ratiba. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Kwa 80 bila kusimama hata mara moja ni saa 6. Ukiweka 50 za miji, malori ya Sultan Hamud, na abiria kushuka kujisaidia, wastani wa 60 ni mzuri, na hizo ni saa 8. Bosi anayetangaza saa 6 na nusu amemwagiza dereva avunje sheria, na mwenye matatu anayetaka tageti, yaani pesa za kuletwa kila siku, isiyolingana na idadi ya squad (safari) za siku amefanya hivyo pia, ila bila kuandika.

La mwisho ni arifa ya kosa. Ikija, usilipe wala usibishe kabla ya kusoma. Tazama kikomo kilichoandikwa kama ndicho cha aina ya gari lako. Tazama kifaa kilichotumika na tarehe kilipohakikiwa, ambayo kwa kawaida haipaswi kuzidi mwaka. Picha ionyeshe nambari inayosomeka, na kama kilikuwa kifaa cha rada, pasiwe na gari lingine sambamba nawe. Mambo yakifika mahakamani, rekodi ya elektroniki inahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kikisema imetolewa vipi na kwenye mashine gani. Daftari lako la zamu nalo lionyeshe nani alishika usukani saa hiyo, la sivyo mzigo unabaki kwa mwenye gari.

Na mwenye gari, machoni pa kamera, ni yule aliye kwenye logbook, hati ya umiliki wa gari. Sheria inampa mnunuzi siku 14 kubadilisha umiliki. Mnajua wenyewe kuna magari mangapi mjini yanayotembea kwa majina ya watu walioyauza zamani. Kamera ikianza kutuma arifa, zitawafikia hao. Leo jioni ingieni kwenye akaunti zenu za eCitizen, mhesabu magari yanayosoma majina yenu, na lolote mliloliuza mlihamishe. Tunapokea maswali, tukianza na wale wa nyuma.